Kinyama cha Jicho: Kisitupwe Kabla ya Kupewa Jina na Kuandikwa

MIONGONI mwa amana alizokabidhiwa mwanadamu na Mola wake, jicho lina nafasi ya pekee. Kwalo mja husoma Kitabu cha Allah (S.W.), huutazama mwezi mwandamo, huzitambua nyuso za wazazi na watoto wake, na huitafuta riziki ya halali. Wanavyuoni wa fiqhi walipoeleza fidia za viungo waliweka diya kamili kwa macho mawili na nusu ya diya kwa jicho moja. Kitu chenye thamani hiyo hakistahili kuchezewa kwa dawa za kubahatisha, wala ugonjwa wake haustahili kupita bila ya kujulikana jina.

Makala hii inahusu uvimbe mmoja unaoota juu ya jicho, katika ule utando mwororo unaofunika weupe wake. Duniani kwa jumla ni ugonjwa adimu, na wako madaktari wa Ulaya ambao huupata mara chache mno katika utumishi wao wote. Lakini sehemu za mashariki na kusini mwa Afrika ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya ugonjwa huu, na wengi wanaoupata huku kwetu wangali katika umri wa kulea na kutafuta. Jambo ambalo kila familia inapaswa kulifahamu ni hili: kinachokatwa katika jicho lazima kipelekwe maabara, kipewe jina lake sahihi, na jina hilo liandikwe. Hatua hizo tatu zikikosekana, mgonjwa hupoteza na umma hupoteza.

Sura moja, maradhi mawili

Wasomaji wengi wamekiona kile kinyama chenye umbo la pembetatu kinachoanzia pembeni mwa jicho, hasa upande wa pua, kikatambaa kuelekea kwenye mboni. Waganga wa Kiislamu wa zamani walikiita kwa Kiarabu dhafara, neno linalotokana na ukucha, kwa kuwa hulifunika jicho mfano wa ukucha unavyokifunika kidole. Kinyama hicho si saratani. Huletwa kwa sehemu kubwa na jua, na wengi huishi nacho miaka mingi bila ya madhara makubwa.

Uvimbe tunaouzungumzia huota mahali pale pale, kwenye mpaka wa weupe wa jicho na kile kioo cha mbele kiitwacho konea, katika sehemu iliyo wazi baina ya kope mbili, ambayo jua huifikia. Huanza kidogo, pengine kama punje ya mchele. Baadhi huwa na utando mweupe juu yake, baadhi hung'aa kama ute ulioganda, baadhi huwa na vinundu vinundu. Mishipa ya damu hunenepa na kuuelekea kana kwamba inaulisha. Kwa sisi Waafrika mara nyingi huwa na rangi ya kahawia, na hilo humfanya mgonjwa adhani ni doa la kawaida. Jicho huwa jekundu, huwasha na hutoa machozi. Maumivu makali huchelewa, na kuchelewa kwake ndiko kunakowaponza watu.

Ukiachwa, uvimbe huu hupanda juu ya konea, huingia ndani ya jicho na katika tundu lake, na unaweza kufika kwenye tezi za shingoni na hata kwenye ubongo. Mgonjwa ambaye angetolewa kipande kidogo cha utando kwa dawa ya ganzi, akarudi nyumbani siku ile ile, huishia kung'olewa jicho zima, na wengine hupoteza maisha.

Kwa nini kuangalia hakutoshi

Daktari wa macho huanza kwa kulitazama jicho kwa darubini yenye mwanga mwembamba. Huangalia umbo la uvimbe, mishipa yake, rangi yake na kama umefungamana na tabaka za chini. Huuliza umeanza lini na unakua kwa kasi gani. Hayo yote ni muhimu, lakini hayakati shauri. Dalili za kinyama cha kawaida na za saratani changa hufanana kiasi kwamba hata bingwa mzoefu hukosea.

Watafiti nchini Kenya walijaribu njia ya kumsaidia daktari. Walidondosha jichoni rangi ya buluu iitwayo toluidini, ambayo hushika zaidi katika seli zinazokua ovyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba rangi hiyo iliwabaini zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wenye uvimbe huo. Lakini pia ilishika katika macho ya watu wengi ambao hawakuwa na ugonjwa. Kwa hiyo ni ishara nzuri ya tahadhari, ila haiwezi kuwa hukumu.

Maabara ndiyo hakimu

Hukumu hutolewa na mwanapatholojia. Daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa utando ulio salama kuuzunguka, milimita chache kila upande. Kipande hicho ni chembamba na hujikunja upesi, kwa hiyo hutandazwa kwanza juu ya karatasi ngumu, kisha hutiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi iitwayo formalini. Chupa huandikwa jina la mgonjwa, umri, tarehe, jicho la kulia au la kushoto, na mahali hasa kipande kilipotoka. Chupa isiyo na maandishi haya ni kama shahidi asiyejulikana ni nani.

Huko maabara kipande hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mwanapatholojia hutafuta mambo mawili makubwa. La kwanza, seli zilizoharibika zimefika wapi? Katika hali ya afya seli za utando hupangana kwa utaratibu kuanzia chini hadi juu. Uharibifu huanzia tabaka la chini. Ukiishia hapo, ni daraja la awali. Ukipanda zaidi, daraja huongezeka. Ukienea unene wote wa utando, huitwa saratani iliyo bado mahali pake. Chini ya utando huo kuna ukuta mwembamba mno. Seli zikiutoboa ukuta huo na kushuka chini, jina hubadilika na kuwa saratani vamizi. Tofauti ya majina hayo mawili ni umbali usioonekana kwa macho, lakini matibabu na hatari zake hazilingani.

La pili ni ukingo. Je, kipande kimezungukwa na utando salama pande zote, au seli mbaya zimefika hadi mahali kisu kilipopita? Zikiwa zimefika ukingoni, huenda nyingine zimebaki jichoni, na mgonjwa huyo anahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Jina linapogeuzwa kuwa msimbo

Baada ya jina kupatikana, huja kazi ambayo wengi hawaijui. Jina la ugonjwa hugeuzwa kuwa msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazofahamika nchi zote. Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1893, katika mkutano wa wanatakwimu mjini Chicago, ilikubaliwa orodha ya sababu za vifo iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon. Tangu mwaka 1948 orodha hiyo imo mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, ikapanuliwa ili iingize na magonjwa yasiyoua. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990, na toleo la 11 lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ingawa nchi nyingi bado zinalitumia lile la 10.

Katika toleo hilo la 10, kile kinyama cha kawaida kina msimbo H11.0. Uvimbe usio na madhara wa utando wa jicho ni D31.0. Saratani iliyo bado mahali pake ni D09.2. Saratani vamizi ya utando ni C69.0, na iliyoanzia kwenye konea ni C69.1. Saratani ya retina, ambayo huwapata watoto wadogo, ni C69.2. Hayo yote ni maradhi ya kiungo kimoja, lakini kila moja lina njia yake ya matibabu na mwisho wake.

Wanaotunza daftari za saratani huongeza tarakimu nyingine zinazoeleza aina ya seli. Kwa saratani hii ya seli bapa huandika 8070, kisha hutia mkwaju na tarakimu moja: 2 ikiwa ugonjwa bado uko mahali pake, 3 ikiwa umevamia. Kosa la tarakimu hiyo moja linaweza kumhamisha mgonjwa kutoka kundi la wanaotarajiwa kupona kwa upasuaji mdogo hadi kundi la hatari, au kinyume chake. Tena, C69.0 haisemi ni jicho lipi. Kwa hiyo mwandishi makini huongeza kwa maneno: kulia au kushoto.

Mtu anaweza kudhani kwamba hizi ni shughuli za makarani. Lakini fomu ya bima husomwa kwa msimbo, na dawa za hospitali huagizwa kwa hesabu ya wagonjwa walioandikwa. Mgonjwa ambaye kipande chake kilitupwa kwenye ndoo ya taka za upasuaji huandikwa kuwa alitolewa kinyama, au huwekwa katika fungu la magonjwa mengine ya macho. Uvimbe ukirudi baada ya miezi 8, daktari mpya hana pa kuanzia. Na taifa linapohesabu wagonjwa wake, huyu hayumo.

Kwa Muislamu, jambo la kuandika si geni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyo katika Sura ya al-Baqara, inahusu kuandika madeni, na inataka mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Ikiwa mali imewekewa ulinzi wa namna hiyo, jicho la mja lina haki zaidi. Wazee wetu katika elimu walilielewa hilo. Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad aliyeishi takriban miaka 1,000 iliyopita, aliandika kitabu kiitwacho Tadhkirat al-Kahhalin. Alieleza ndani yake maradhi ya macho yapatayo 130, akayagawa baina ya yale yanayoonekana nje na yale yaliyojificha ndani. Kitabu hicho kiliwaongoza matabibu kwa karne nyingi. Kuyatenga maradhi na kuyapanga kwa majina ni sunna njema ya watangulizi wetu hao.

Daftari la Kampala

Faida ya kuandika ilidhihirika hapa hapa Afrika Mashariki. Kampala ina daftari la saratani lililoanzishwa tangu miaka ya 1950. Kati ya mwaka 1970 na 1988, saratani hii ya jicho iliandikwa kwa wastani wa watu 6 kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Mwaka 1992 ilifika watu 35 katika kila milioni, takriban mara sita ya hapo kabla.

Daktari Ateenyi-Agaba wa huko huko Kampala akawapima wagonjwa 48 wa saratani hii na kuwalinganisha na watu wengine 48 wasio nayo. Katika ripoti yake ya mwaka 1995 alieleza kwamba wagonjwa 36 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa wale wengine walikuwa 9 tu. Ndivyo ulimwengu ulivyofahamu kwamba kinga ya mwili ikidhoofika, mlango wa saratani hii hufunguka. Lau madaktari na makarani wa miaka ya nyuma wasingeandika, hakuna ambaye angejua kwamba 35 ni nyingi, kwa kuwa isingejulikana kwamba zamani zilikuwa 6.

Daftari za nchi mbalimbali zilifichua na sababu ya pili. Utafiti wa mwaka 1996 ulilinganisha nchi kwa umbali wake kutoka Ikweta, ukaona kwamba kwa kila digrii 10 za kuiacha Ikweta, ugonjwa huu hupungua kwa karibu nusu. Sababu inayoeleweka ni jua. Mvuvi, mkulima, dereva wa bodaboda na mama muuza mboga sokoni wote wanakaa chini ya mwanga mkali siku nzima, na nuru ya jua inayopigwa na maji au mchanga hurudi tena jichoni.

Hofu na sitara

Hapa inatupasa kusema wazi. Kwa kuwa ugonjwa huu umehusishwa na VVU, daktari akiuona humshauri mgonjwa apime. Baadhi ya watu hukimbia ushauri huo, wakaenda kudondoshewa jichoni maji ya majani au dawa zisizojulikana zilimotoka, mpaka uvimbe ukafunika mboni. Wengine huogopa maneno ya majirani na ya watu wa msikitini.

Ieleweke kwamba si kila mwenye uvimbe huu ana VVU. Jua peke yake linatosha kuuleta. Na aliye na VVU akatumia dawa zake vizuri anaishi, anafanya kazi na anaoa. Kumdhania mtu uzinifu kwa kuwa jicho lake lina uvimbe ni dhana mbaya iliyokatazwa na dini, na kuieneza ni kusengenya, na pengine ni kusingizia. Cheti cha mgonjwa ni siri yake. Imamu, katibu au mjumbe wa kamati anayeletewa cheti hicho kwa ajili ya kuombewa mchango anawajibika kusoma kinachohitajika tu na kunyamaza.

Baada ya upasuaji

Uvimbe huu una tabia ya kurudi. Katika utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2016, wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, na ambao maabara ilikuwa imethibitisha ugonjwa wao, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya dawa ya saratani iitwayo fluorourasili, mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Kundi jingine lilipewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, uvimbe ulirudi kwa wagonjwa 5 kati ya 47 waliopata dawa, na kwa 17 kati ya 47 wasioipata. Matone hayo huleta wekundu na muwasho kwa muda, lakini faida yake ni bayana. Aliyeandikiwa kinyama cha kawaida bila ya kupimwa hatapewa dawa hiyo wala hataitwa kurudi kliniki. Hapo ndipo thamani ya jina huonekana.

Kuhusu ibada, mgonjwa asiache matibabu kwa kuchelea udhu au saumu. Daktari akikataza maji jichoni, katika madhehebu ya Imamu Shafi mgonjwa huosha sehemu zilizo salama, hupangusa juu ya bandeji na hutayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Akikatazwa kuinama, husujudu kwa ishara. Na katika madhehebu hayo hayo tone la dawa jichoni halimfunguzi mfungaji, hata akihisi ladha yake kooni. Mwenye hali ya pekee amuulize imamu wake.

Wajibu wa familia

Mtu yeyote mzima mwenye kinundu kipya juu ya jicho, au kinyama cha zamani kilichoanza kukua, kubadilika rangi au kutoa damu, apelekwe kwa daktari wa macho ndani ya wiki chache. Asisubiri maumivu. Hospitali za rufaa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza zina madaktari wa macho na maabara za patholojia, na hospitali ndogo zinaweza kupeleka kipande huko.

Kabla ya upasuaji, familia iulize kwa adabu: kipande kitapelekwa maabara gani, gharama yake ni kiasi gani, na majibu yatatoka lini? Gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji. Kuipunguza ni kununua nusu ya tiba. Majibu yakitoka, waulize mambo manne: jina la ugonjwa ni lipi, umevamia au bado uko mahali pake, ukingo ulikuwa salama, na tarehe ya kurudi ni ipi? Kisha waombe nakala yenye jina la ugonjwa na msimbo wake, waiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Mgonjwa akihamia mji mwingine, karatasi hiyo imtangulie.

Kinga nayo ina nafasi yake. Kofia ya pama, mtandio uliovutwa mbele ya paji la uso na miwani inayozuia miale ya jua ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na jicho. Watoto wafundishwe mapema. Mwenye VVU adumu na dawa zake na aonyeshe macho yake kila aendapo kliniki.

Kamati za misikiti zinazopokea maombi ya msaada wa matibabu zinaweza kuweka utaratibu mmoja mwepesi: katika kila ombi la upasuaji wa uvimbe, fedha ya maabara itolewe pamoja na fedha ya upasuaji. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemsaidia ndugu yetu mmoja kwa dhahiri, na tumewasaidia wengi tusiowajua ambao watahesabiwa, wakaagiziwa dawa, wakatibiwa mapema kwa sababu wa kabla yao waliandikwa.

Allah (S.W.) atuhifadhie macho yetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotunza amana. Amin.